Zipu Mgongoni mwa Dude

Siku mliyoniaga pale studio, vijana wenzangu, mlifanya jambo zuri, nami likanitia aibu. Mlikusanya vipande vya sauti yangu tangu enzi za kanda, mkavicheza kimoja baada ya kingine, watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Halafu mmoja wenu akapaza sauti: "Mzee, bado ile ya Rwamgasa! Tuwekee ya zipu!" Nikasema koo linaniuma. Koo halikuwa na neno. Mmeniomba niwaandikie nilivyoifanya kazi hii ya kutafsiri filamu, na nitaandika. Ya zipu nayo nitaiandika, ila haitakuwa kama mlivyozoea kuisikia.

Nilipandaje cheo na nililipwa nini, hayo nayaacha. Hayamfundishi mtu kutafsiri.

Nilianzia Tinde, kwenye banda la video la Mzee Bundala, nyuma ya maegesho ya malori. Kuta zilikuwa za mabanzi, na kila ufa ulizibwa kwa blanketi kuukuu ili mwanga wa mchana usiingie. Televisheni ilikuwa ya kichogo, ikikaa ndani ya kabati lenye kufuli, na chini yake deki ya kanda iliyokuwa ikimeza mikanda kama ng'ombe anavyomeza nailoni. Kazi yangu ilikuwa kufagia, kupanga mabenchi na kusafisha deki kwa spiriti na kipande cha khanga. Mzee Bundala ndiye aliyeshika maiki. Alikuwa mfupi, mkimya nje ya banda, mwenye kofia ya sufu aliyoivaa hata jua likiwa la utosi. Akiingia ndani na kupunguza sauti ya filamu, mle bandani kulikuwa na watu kumi na wote walikuwa yeye.

Siku yangu ya kwanza kushika maiki sikuitafuta. Mzee Bundala alikuwa ameng'olewa jino asubuhi, shavu limemvimba, na madereva walikuwa wameshakaa kwenye mabenchi wakigonga miguu chini. Filamu ilikuwa ya mjusi mkubwa anayetoka baharini na kubomoa mji. Akanisukumia maiki.

"Ongea wewe."

"Mzee, Kiingereza mimi sijui."

"Kwani hao ni Waingereza?" akasema kwa tabu, ameshika shavu. "Mimi mwenyewe sijui wanaongea nini. Angalia mdomo. Ukifunguka, funguka. Ukifunga, nyamaza."

Hilo lilikuwa somo langu la kwanza na ndilo lililonilisha maisha yangu yote. Mengine yalifuata taratibu. Mtu akiongea kirefu kwenye picha, usimpe maneno mawili, watu watajua unawapunja. Kitu kikianguka, acha kianguke, usishindane na kishindo. Usitangaze mwisho wa filamu, maana kanda nyingine zimekatika na mwisho wake haupo. Usicheke kabla ya watazamaji. Na dude lolote, lazima liwe na kwao. Mzee Bundala hakukubali kabisa dude litoke baharini tu, hivihivi. La kwake lilitoka Ushirombo likimtafuta mke aliyetoroka, na kila nyumba lililobomoa lilikuwa linachungulia kama yumo.

Ninyi mmekulia kwenye filamu ambazo dude ukiliona unaamini. Zetu zilikuwa za bei rahisi, zimetengenezwa nchi za mbali na watu wasio na fedha, na dude lilikuwa mtu ndani ya nguo ya mpira. Nyumba zilikuwa za makaratasi. Gorofa lililoanguka mwanzo wa filamu lilianguka tena katikati, na mwisho likaanguka mara ya tatu, na kila mara madereva walilisalimia kama mtu wanayemfahamu. Treni ilikuwa ya kuchezea watoto. Askari aliyekanyagwa akafa alionekana baadaye anakimbia na wenzake, mzima. Siku moja dereva wa lori la pamba alisimama katikati ya banda, akanyoosha kidole na kupiga kelele: "Zipu! Jamani, lina zipu!" Kweli. Dude lilikuwa limegeuka, na mgongoni, kuanzia shingoni mpaka kwenye mkia, kulikuwa na zipu ya kawaida kabisa, kama ya jaketi. Banda zima likalala chini kwa kicheko.

Kuanzia hapo watu walikuja kutafuta zipu. Nimewaza sana kwa nini walizipenda filamu hizo kuliko zile nzuri. Filamu nzuri ilimkalisha kila mtu peke yake na hofu yake. Hii mbovu iliwafanya wawe kitu kimoja. Mtu aliyedanganywa wiki nzima, kwenye mizani ya pamba, kwa mganga, kwenye ahadi za wakubwa, aliingia mle akauona uongo waziwazi, una zipu, na haumdhuru. Na yule aliyekuwa ndani ya nguo ya mpira alikuwa ng'ambo ya bahari, hatujui, hatutamwona. Tulimcheka bila kumuumiza. Hilo nililichukulia kama kitu kidogo. Ndilo lililokuwa kubwa kuliko yote.

Mzee Bundala alipofariki, wanawe waligeuza banda kuwa ghala la mpunga. Mimi nikabeba maiki yangu nikaenda Rwamgasa, maana huko dhahabu ilikuwa imewaita watu, na penye watu wengi wasio na familia banda la video halikosi kujaa. Pale tulikuwa na projekta na shuka jeupe ukutani. Tatizo lilikuwa makarasha, zile mashine za kusaga mawe, zilizounguruma mchana kutwa upande wa pili wa barabara. Nilijifunza kuongea kwa kupasua, nikiyatanguliza maneno mafupi.

Wachimbaji walipenda madude kuliko mtu yeyote niliyewahi kumtafsiria. Walitoka shimoni, wakanawa uso, wakaja kukaa kwenye giza jingine. Nyumba za makaratasi zikianguka walicheka kicheko ambacho Tinde sikukisikia. Hawa walijua inavyokuwa kitu kikikuangukia.

Sasa nifike kwa Shija.

Shija alikuwa fundi wa viti na magodoro, kibanda chake hatua chache kutoka kwetu. Alikuwa mpole, mwenye kuongea akiangalia mikono yake. Aliishi na mama yake mzazi, mama wa Kisukuma hasa, aliyetoka kijijini na Kiswahili chake kilikuwa cha salamu na sokoni tu. Shija alikuwa na mdogo wake, Mabula, mchimbaji. Msimu mmoja wa mvua, duara, yaani shimo alilokuwa akichimba Mabula, lilishuka likamfukia. Watu walichimba siku nne. Siku ya tano udongo ukaanza kuteremka tena, ikaonekana watakufa na waokoaji, wakaacha. Hakupatikana. Katekista aliongoza sala pale juu ya shimo. Nilikuwepo. Nilisimama karibu na yule mama, na alichofanya ni kuangalia chini tu, kama mtu anayemsubiri mwingine apande ngazi.

Nawaeleza haya msije mkadhani sikujua. Nilijua.

Baada ya mwaka hivi, Shija akaanza kuonekana Jumapili mchana milimani na vijana wa jumuiya ya kanisani, wamebeba kamera ya kukodi. Tukasikia anatengeneza filamu. Ilimchukua Jumapili za miaka miwili. Halafu siku moja akaja bandani, akasubiri nimalize, akanisalimia kwa adabu kuliko ilivyohitajika.

"Kaka," akasema, "wewe ndiye unayeyajua madude. Nina filamu yangu. Ina dude."

"Lako linatoka wapi?"

"Linakaa chini ya ardhi. Linachukua wachimbaji." Akaangalia mikono yake. "Mwisho watu wanashuka, wanalipiga, wanawatoa wote. Wazima."

Tatizo lake lilikuwa sauti. Upepo wa mlimani ulikuwa umemeza maneno yote, kikabaki kishindo kama cha bati. Alitaka niseme mimi, papo hapo, siku ya kuionyesha. Akanipa daftari la shule. Ndani aliandika maneno yote kwa kalamu ya bluu, mtu kwa mtu, kwa herufi za mwanafunzi mwenye bidii. Akaniomba kitu kimoja tu: niyasome kama yalivyo.

"Usiongeze, kaka. Nimeyafikiria sana."

"Nitayasoma," nikamwambia.

Alinionyesha filamu kwenye kompyuta ndogo pale kibandani kwake, katikati ya marobota ya sponji. Nitasema ukweli: ilikuwa mbovu kuliko zote nilizowahi kuziona, na nilishindwa kuacha kuiangalia. Dude lilikuwa limeshonwa kwa sponji na viroba, limepakwa rangi ya tope, macho yake taa mbili za pikipiki. Kijana aliyekuwa ndani yake alikuwa haoni mbele, akitembea amenyoosha mikono kama anayetafuta mlango. Lakini palikuwa na mahali, dude likiwa limekaa mdomoni mwa shimo, halifanyi kitu, linangoja tu, ambapo nilisahau sponji. Shija alikuwa anajua kitu kuhusu kungoja.

Halafu likageuka, nikaiona. Alikuwa ameshona mgongo kwa foronya ya godoro, na zipu ya foronya ilikuwa imebaki, ya chuma, inang'aa jua la saa tisa.

Shija alikuwa ananiangalia usoni.

"Zipu inaonekana, kaka?"

Angeweza kukipiga tena kipande kile. Ilikuwa kazi ya Jumapili moja, na kiraka cha kiroba. Nilichelewa kidogo kujibu.

"Haionekani," nikasema.

Hilo sijamwambia mtu mpaka leo ninapoandika. Mkiniuliza kwa nini, nitawapa sababu nyingi na zote ni za mtu anayejitetea. Nilichoka, alishahangaika sana, sikutaka kumvunja moyo. Ukweli ni kwamba nilipoiona ile zipu, kitu ndani yangu kilifurahi. Nilishakisikia kicheko cha watu kabla hakijatoka, na sikutaka kipotee.

Ilionyeshwa Jumapili mchana, baada ya misa. Banda lilijaa mpaka watu wakakaa chini mbele ya shuka. Shija alivaa shati jeupe lililopigwa pasi. Mama yake alikaa naye benchi la mbele, kitenge kipya, mikono mapajani. Mimi nilikaa pembeni yao karibu na projekta, maiki mkononi, daftari limefunguliwa juu ya spika.

Nilianza vizuri. Nataka mlijue hilo, ingawa halinisaidii. Nilisoma kurasa saba kama zilivyoandikwa, na banda lilikuwa kimya. Wachimbaji walikuwa wanaiona milima yao wenyewe kwenye shuka, na kijana aliyeigiza kuwa Mabula alikuwa amevaa shati la Mabula lenyewe, la mistari, ambalo nusu ya watu mle walilitambua. Nilisikia mtu nyuma akivuta pumzi.

Ndipo dude likatoka shimoni likageuka.

"Zipu!" sauti moja, nyuma kabisa.

Kikatoka kicheko kidogo, cha watu wenye haya, wanaotaka kujua kama inaruhusiwa. Wote wakanigeukia mimi. Hivyo ndivyo ilivyo kazi hii, vijana, mwenye maiki ndiye anayetoa ruhusa. Niliangalia daftari. Mstari uliofuata ulisema: "Huyu ndiye aliyewachukua ndugu zetu." Kama ningeusoma kwa sauti niliyokuwa nayo, kicheko kile kingekufa. Nina hakika. Nilikuwa na miaka zaidi ya kumi kwenye kazi, nilijua kuua kicheko na kukifufua.

Nikashika pua, nikasema kwa sauti ya dude: "Nani kaniona? Geukeni huko, navaa!"

Banda likapasuka. Sijapata kicheko kama kile, si kabla wala baadaye. Makarasha hayakusikika. Nikaliacha daftari juu ya spika na sikuligusa tena. Dude likikaa mdomoni mwa shimo likingoja, nililipa sauti ya mume aliyefungiwa nje na mkewe. Waokoaji wakishuka na kamba, niliwafanya walevi wanaotafuta choo. Watu walianguka kwenye mabenchi, mmoja akatoka nje kupumua. Shija aligeuka kuniangalia mara moja tu. Hakuwa na hasira. Aliniangalia kama abiria anavyomwangalia dereva aliyeacha njia, akidhani labda kuna sababu.

Ikafika sehemu ya mwisho. Mabula anatoka shimoni, tope mwili mzima, anatambaa, anasimama kwenye jua. Kwenye daftari aliandikiwa maneno matatu. "Mama, usilie. Nimetoka." Nilikuwa nimeyasoma kibandani kwa Shija, nilikuwa nayajua kwa kichwa.

Nikasema kwa sauti ya mlevi: "Mama, ugali umebaki?"

Katikati ya kicheko hicho, mama yake Shija alimwegemea mwanawe akamuuliza kwa Kisukuma mbona watu wanacheka. Mimi ni Msukuma, na nilikuwa karibu kiasi cha kuwagusa. Nilisikia swali na nilisikia jibu.

"Wanafurahi, mayu," Shija akasema. "Wanafurahi kwa kuwa ametoka."

Yule mama akaangalia shuka, akaliona lile shati la mistari limesimama kwenye jua, akapiga vigelegele. Peke yake, virefu, kama mtu aliye harusini. Watu wakadhani ni sehemu ya mchezo, wakacheka zaidi. Nami nikainua maiki, baada ya kusikia yote niliyoyasikia, nikasema: "Mama mkwe wa dude ameshafika!"

Ndiyo ile sehemu mnayoipenda. Kwenye rekodi inasikika wazi, vigelegele na halafu mimi. Mtu alikuwa anarekodi kwa simu.

Kesho yake asubuhi Shija alikuja. Nilikuwa napanga mabenchi.

"Watu wameipenda sana, Shija," nikamwambia, kwa haraka, kabla hajasema.

"Nimeona."

"Wanataka tena leo."

"Waangalie tu. Imeshakuwa yenu." Akanyoosha mkono. "Naomba daftari."

Nikampa. Alilifuta vumbi kwa mkono wa shati, akaenda zake. Pale ndipo palikuwa mahali pa kusema, na mimi, ambaye watu waliniita Mdomo, nilirudi kupanga mabenchi.

Tuliionyesha wiki nyingi. Mwenye banda aliandika kwa chaki nje: Dude la Zipu, Leo Tena. Kila siku niliboresha utani, nikapunguza hapa, nikarefusha pale, kama fundi anayeipenda kazi yake. Ile rekodi ikaenda Katoro, Runzewe, ikavuka mpaka mji wa Geita. Shija akaitwa Fundi Zipu. Wanaume wazima walimpita kibandani wakimwambia: "Fundi Zipu, funga mgongo!" Yeye alitabasamu na kuendelea kupiga misumari. Watoto walimpigia mama yake vigelegele akienda kisimani. Sikuwahi kuambiwa ni nani hatimaye aliyemweleza maana yake, au kama yupo aliyemweleza. Siku moja nilikuta kibanda kimefungwa na marobota ya sponji hayapo. Wakasema wamehamia Runzewe.

Baada ya hapo mnayajua mengi. Mabanda yakafa kila mtu alipopata simu, nikaja Shinyanga mjini, tukaanza kuingiza sauti studio na kuzigawa filamu kwenye kadi za simu. Mnakumbuka mlivyonishangaa. Tulikuwa tukipata filamu mbovu ya dude, ninyi mnagonga meza kwa furaha, mnanionyesha kamba inayolinyanyua bawa, mimi naruka pale kama sijaona. "Mzee, hii si inachekesha?" Nilikuwa nawajibu haichekeshi. Nilikuwa nadanganya. Ilichekesha. Zipu inachekesha mpaka leo, na ilichekesha siku ile, hilo ndilo linalonikalia kooni. Kama ingekuwa haichekeshi ningejua nimefanya ubaya pale pale.

Wiki ya pili baada ya kuniaga nilipanda basi nikaenda Runzewe.

Haikuwa kazi kumpata. Karakana yake iko kando ya barabara, kubwa, makochi yamepangwa nje yamefunikwa nailoni. Kichwa chake kimejaa mvi. Alinitambua kabla sijamfikia, akaweka nyundo chini.

"Kaka Mdomo."

"Shija."

"Sauti imekwisha," akasema.

"Nimestaafu."

Tukasalimiana, tukaulizana habari za nyumbani kama inavyotakiwa, zikaisha. Nilikuwa nimepanga maneno tangu basi lilipopita Tinde. Yote yalikuwa mazuri, na nilipoyaangalia yalikuwa ya kwangu mimi, ya kunipendeza. Nikasema lile moja ambalo halikupangwa.

"Shija, siku ile uliponiuliza kuhusu zipu. Niliiona."

"Najua."

"Unajua?"

"Ulikaa kimya kidogo kabla hujajibu. Wewe huwa hukai kimya." Alichukua kipande cha kitambaa, akakikunja. "Na mimi niliiona, kaka. Nilishona mwenyewe, ningeachaje kuiona? Niliuliza nijue kama na wewe umeiona."

"Sasa mbona hukuipiga upya?"

Akaniangalia, na safari hii hakuangalia mikono yake.

"Nilijua umeiona. Nikasema basi, atakapofika pale atapafunika kwa maneno. Si ndiyo kazi yako?"

Nilisema naomba unisamehe, na yalitoka kama maneno ya filamu, mdomo unafunguka tu. Shija alitikisa kichwa, si kukubali wala kukataa, kama mtu aliyepokea mzigo wa mwenzake na hajui auweke wapi. Nikamwambia kama daftari bado lipo niko tayari kuyasoma, kama yalivyo, hata kwa koo hili. Akasema lipo. Halafu akasema, "Hapana, kaka," kwa upole, na sikuomba mara ya pili.

Pazia la mlango wa nyuma likasogezwa, akatoka mama yake. Amezeeka sana, anatembea ameshika ukuta, lakini ni yeye. Nilisimama nikamsalimia kwa Kisukuma, kwa heshima yote niliyonayo. Aliitikia, akaniangalia muda mrefu, akiinamisha kichwa upande mmoja kama anayesikiliza zaidi ya anavyoona.

"Sauti hii naijua," akamwambia mwanawe. "Ni nani?"

Shija hakunitazama. Alivuta nailoni kutoka kwenye kochi lililokuwa karibu, akalipangusa kwa kiganja.

"Ni mteja, mayu. Amekuja kuangalia makochi."

"Basi mwambie akae, asiogope," akasema yule mama. Akanisogelea, akanishika mkono, akanikalisha mwenyewe. "Mwanangu anashona vizuri. Angalia mgongoni huko, huwezi kuona mshono hata mmoja."

Nikageuka, nikaangalia. Nikamwambia ni kweli, mama, sioni.